Usiku Mmoja kutoka London

Waombolezaji walijaa kwa marehemu Shitanda, Eastleigh, lakini mwili ulibaki mochari ukimngoja Laban, kifungua mimba wake, aliyekuwa London. Kwao, mwana wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini.

"Shemeji, tusiharakishe," Jairo, ndugu wa marehemu, akamwambia mjane, Beldina. "Ndege ya Ulaya si siku tatu?"

Siku tatu hizo Beldina alizitunga mwenyewe, Krismasi baada ya Krismasi, ili ukoo usimseme mwanawe. Ndege hiyo huondoka London jioni ikatua Embakasi asubuhi. Basi la kwenda kwao Kakamega huchukua karibu muda uo huo, na marehemu alilipanda kila likizo na mgongo wake mbovu. Asubuhi hiyo Laban alikuwa amepiga simu: ni mbali mno, Mama, nizikieni.

"Ni usiku mmoja," Beldina akasema.

"Eti?"

"Analala angani, anaamka hapa. Hataki tu. Tunasafiri kesho, na udongo wa kwanza atatupa Annah."

"Msichana?"

"Ndiye aliyemwogesha babake mwaka mzima. Wewe ulimwogesha lini?"

Jairo akainuka, akaenda kuwaambia wazee wasingoje tena.