Salongo Msituni

Kwanza niliona uyoga mmoja mdogo kama kifungo cha shati, umetokeza kwenye ufa wa gome la mti ulioanguka nyuma ya kanisa letu, hapa Oakdale, mji wa Wazungu tuliohamia. Sikumwambia mtu. Kila siku nikitoka kazini nilipitia pale, na kila siku ulikuwa umeongezeka, mpaka ubavu wote wa gogo ukajaa uyoga wa kijivu uliopandana kama vigae.

Jumamosi ikawa salongo. Kwetu Kongo, salongo ni watu wote kutoka na mafagio kusafisha mtaa, na Papa Eliezer, mzee wa kanisa, ameihamishia huku. Walipomaliza ua wa kanisa wakaingia msituni nyuma yake na msumeno wa injini. Msituni! Wengine walikuwa wanafagia majani chini ya miti.

"Wazungu watapita waseme Wakongomani ni wachafu," alisema Papa Eliezer. "Gogo limeoza hili. Tunalitoa."

Mama Reine akaupiga uyoga teke. "Ona vipele! Hata ugonjwa limeshika."

Ukaanguka vipande vipande. Damu ilinipanda kichwani. Ungedhani Mungu alisahau kuufagia msitu wake, akatungoja sisi tutoke kwetu Uvira na mafagio.

Nikaenda nikakaa juu ya gogo.

"Mutesi, binti yangu, toka hapo, utakatwa," alisema Papa Eliezer.

"Sitoki."

"Leo bubu amesema!" Mama Reine alipiga makofi, wote wakacheka. "Haya, mwalimu, tufundishe. Mambo ya magogo umesomea wapi?"

Swali la shule ndilo hunifunga mdomo siku zote. Nikabandua gome kwa kucha. Chini yake kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui.

"Hizi ndizo zinazokula mti," nilisema. "Uyoga ni tunda lao tu. Zinaugeuza mti kuwa udongo, na hii miti midogo inakula humo. Mkilitoa gogo, mnainyima chakula."

"Nani amekwambia?" aliuliza Papa Eliezer, msumeno ukinguruma mikononi mwake.

"Hakuna mwalimu aliyeniambia, Papa. Niliacha shule darasa la tatu. Wenzangu walipokuwa darasani, mimi nilikuwa msituni na mama, tunachuma uyoga. Gogo moja lilitulisha miaka minne, na hatukulisogeza hata siku moja. Nimewaficha jambo hilo tangu nifike, kwa aibu. Sasa mmelisikia. Na hapa tulipo, anayejua ni mimi. Zima hiyo mashine."