Firigisi Iliyopoa

Mechack anachimbaka kobalti karibu na Tenke, na moyo yake yote iko kwa mujukuu wangu, Tshibola. Siku ile mujomba wa Mechack alifika huku kwetu Kolwezi, kutoka pori ya Bafwasende, kusema kama ndoa itakuwa ao hapana.

Mu nyumba yetu, bantu ya Kasai, mugeni kama huyo anapewa firigisi ya kuku, na mama mukubwa wa nyumba, kama mi, anamusalimia mu luga ya kwao mugeni. Akiikula, amekubali. Bwana-arusi haruhusiwe kutufundisha salamu, tunaitafuta wenyewe. Mi niliipata ku soko ya Manika, kwa Mama Mado muuza mawese, muzaliwa wa pori ile ile. Nikasema imetosha. Tshiluba, luga yetu, inakutoa Mbuji-Mayi inakufikisha Kananga, na kila nyumba banakusikia. Nilizani pori nayo ni hivyo.

Nikapiga magoti, nikasalimia. Mujomba akaniangalia tu. Firigisi ikapoa. Tshibola akakamata kitenge yake kwa nguvu, kama inataka kukimbia.

"Mama," mujomba akasema mu Swahili, pole pole, "hiyo ni luga ya ng'ambo ya mutoni."

"Ni mbali na kwenu, tata?"

"Kuku yao inalalaka kwetu."

Bantu bakacheka. Mi hapana. Nikamuuliza namna gani majirani hivyo banakosa luga moja. Akanieleza: kwao mvua inanyesha mwaka muzima. Ndizi, samaki, nyama, yote iko nyuma ya nyumba. Kijiji hakiombe kitu kwa mwingine, basi luga inakaa palepale, inakomaa peke yake.

Nikakumbuka mama yangu. Jua ilipokausha mashamba, alitembea mbali sana kuomba mihogo, na kila alipofika alielewana na bantu ba huko. Kumbe njaa njo ilitandika luga yetu! Mi nilikuwa nafikiri Mungu alimwaga luga ovyo, kama mahindi ya kuku. Na ni mvua ilikuwa inaigawanya.

"Tata, utegue hii," nikasema. "Mvua ikizidi, anazaa batoto bengi, bafupi. Mvua ikikatika, anazaa mumoja, murefu. Ni nani?"

Mujomba akacheka mpaka machozi. Jibu yake ilikuwa luga yenyewe: akaanza kunifundisha salamu ya kwao, neno kwa neno, na mi, na meno yangu haya machache, nikarudilia kama mutoto wa masomo. Nilipoisema sawa, aliinama, akachukua firigisi ya baridi, akaitafuna mbele ya Tshibola.