Msichana Asiye na Bunduki

Kwenye skrini kubwa ya chumba cha mkutano, msichana mdogo alikuwa amesimama katika mtaa uliobomolewa, kambeba mdogo wake mgongoni. Ulikuwa mchezo wa kompyuta kuhusu vita vya zamani. Hadithi yake aliiandika mwanamke ambaye wenzake walimwita Shangazi, si kwa umri bali kwa ulimi.

"Anachosha huyu," meneja alisema. "Hakimbii, hapigani. Akiona askari anajificha tu. Mpe bunduki, Shangazi."

"Simpi."

Mchoraji alicheka, akaona yuko peke yake, akajifanya anakohoa.

"Watu wanacheza ili washinde," meneja akasema.

"Basi washinde kwa kumvusha mtoto mto akiwa hai."

"Unaongea kama vile ulikuwepo."

Shangazi aliigeukia skrini. Pale kazini hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilikuwepo. Si vita hivyo, vingine, lakini mgongo ulikuwa huu huu. Na bunduki niliiona, imelala njiani kando ya mwenyewe aliyekufa. Nikaipita. Si kwamba nilikuwa mwema. Mikono ilikuwa imejaa mtoto. Watu wakinisikia husema, lo, ulikuwa jasiri. Ujasiri gani? Nilikuwa mtoto, na hapakuwa na mtu mzima. Basi."

Meneja alikuna shingo. "Pole sana, dada. Lakini hii ni burudani."

"Pole nimeipokea. Bunduki siandiki."

Meneja akamgeukia mchoraji. "Haya, ichore wewe."

Mchoraji aliitazama skrini, akamtazama Shangazi, akashika shavu. "Bosi, mikono yote miwili iko nyuma, imemshika mdogo wake. Nikimpa bunduki, mtoto nimweke wapi?"

"Mweke chini!"

"Hashuki," Shangazi akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

Wakakubaliana waitwe wachezaji wa kujaribu. Wakichoka, bunduki itaingia, na Shangazi aandike au aondoke.

Walikuja wachache. Aliyesikika zaidi alikuwa dereva wa lori, jitu la mtu, ambaye mwanzoni aliifokea skrini: "Kimbia basi, we mtoto! Mbona mzito hivi?" Shangazi alisimama nyuma yake, kakunja mikono. Kidogo kidogo yale makelele yakapungua. Askari walipopita kando ya ukuta, dereva alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kioo, akinong'ona, "Tulia, mwanangu. Tulia hapo hapo."

Msichana alipofika ng'ambo ya mto, dereva aliiweka pedi ya kuchezea mezani. Hakushangilia. Alimgeukia meneja, macho mekundu, kama vile kosa ni la huyo meneja.

"Wakubwa wao walikuwa wapi? Hebu niambie. Nani aliwaacha hawa?"

Meneja aliichukua ile pedi, akaizima skrini.

Mchezo ulitoka bila bunduki. Wapo walioukejeli kwamba ni wa waoga, na Shangazi akahamishiwa kwenye mchezo mwingine wa kompyuta, wa mpira, ambako hadithi ni filimbi na magoli. Alibeba kikombe chake, akahamia meza mpya bila kununa.

"Nitaandika hata kona na penalti," alimwambia meneja mlangoni. "Lakini mkija kumshikisha yule mtoto silaha, mtanikuta hapa hapa."