Moshi wa Nyumba Kubwa

Boke alianza kukohoa kabla ya mavuno, na mahindi yalipokwisha kuanikwa bado alikuwa anakohoa. Alikunywa tangawizi, akanywa dawa ya mizizi aliyopewa na mama yake, akanunua vidonge dukani. Mwishowe mume wake, Magige, akamwambia apande bodaboda aende zahanati.

"Nikiwa kwako silali," alisema. "Unakohoa mpaka asubuhi."

Nikiwa kwako. Boke alikuwa hajayazoea maneno hayo, ingawa Christina, mke mwenzake, alikuwa ameolewa zamani kidogo. Mji wa Magige pale Matongo ulikuwa na nyumba mbili za bati, zizi la ng'ombe katikati. Nyumba kubwa ilikuwa ya Boke, mke wa kwanza, ambaye watoto wake wote walishakua. Kifungua mimba wake, Nchagwa, alikuwa ameoa na kuhamia Nkende. Nyumba ya pili ilikuwa ya Christina, binti aliyetoka Mugumu, na mwanawe Ezra alikuwa bado ananyonya.

Kule zahanati, muuguzi Honoratha alimpima makohozi, akamwambia si kifua kikuu. Kisha akamuuliza kama anavuta sigara.

Boke alicheka. "Mimi? Mwimbaji wa kwaya?"

"Basi nyumbani nani anavuta?"

"Mume wangu."

"Anavutia wapi?"

"Ndani. Kitandani. Tangu aliponioa."

Honoratha aliweka kalamu chini. "Basi mama, na wewe unavuta. Moshi hauulizi nani amenunua sigara. Mwambie avutie nje."

Boke aliitikia kwa heshima, lakini moyoni alimwona muuguzi yule kama mgeni asiyejua wanaume wa huku. Alishawahi kumwambia. Akiwa na mimba ya Nchagwa, harufu ya sigara ikimtapisha kila jioni, alimwomba Magige atoke nje. Magige alimtazama, akamuuliza, "Nyumba hii nani kaijenga?" Hakumwomba tena.

Jioni alipotoka zahanati kulikuwa na manyunyu. Zamu ilikuwa ya Christina. Boke alivuka ua kwenda kuchukua sufuria yake, na alipozunguka nyumba ile alimkuta Magige amechuchumaa ukutani, koti limemfunika kichwa, bega moja limelowa chapachapa. Alikuwa anavuta sigara.

"Baba Nchagwa, unanyeshewa."

"Napunga hewa."

"Na sigara?"

Magige alitazama upande wa zizi. "Mtoto yuko ndani," alisema.

Boke alisimama pale mvua ikimpiga. Kisha akaingia. Ndani ya nyumba ya Christina kulikuwa na harufu ya sabuni na mafuta ya mtoto. Pazia lilikuwa jeupe. La kwake, alilolinunua siku moja na hilo, lilishageuka rangi ya chai.

"Shikamoo dada," Christina alisema, mtoto ziwani.

"Marahaba. Umemfukuza mume nje?"

"Hapana dada! Anatoka mwenyewe. Nilipokuja hapa nilimwambia baba yangu alikufa kwa kifua, moshi unanitisha. Akainuka, akatoka."

"Hakukuuliza kitu?"

"Aniulize nini?"

Boke alichukua sufuria yake akaondoka.

Magige alipomwoa Christina, Boke alikuwa amejiandaa kuona wivu kwa mambo anayoyafahamu: vitenge, godoro jipya, nyama ikiletwa upande wa pili kwanza. Hakuwa amejiandaa kumwonea mtu wivu kwa sababu ya mwanaume aliyechuchumaa mvuani. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipofua alilikumbuka, alipokamua ng'ombe alilikumbuka. Akalifua lile pazia mara mbili kwa jiki; rangi haikutoka.

Zamu yake ilipofika, alimweleza Magige maneno ya muuguzi. Magige alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, pakiti mkononi.

"Yule muuguzi mtu wa Bukoba," alisema. "Babu alivuta kiko mpaka akazeeka, meno yote yamekwisha. Aliumwa lini?"

"Kwa Christina mbona unatoka?"

"Kule kuna mtoto mchanga."

"Na Nchagwa alizaliwa mzee?"

Magige aliwasha kiberiti.

Wiki hiyohiyo Kornelio, binamu yake Magige na mtu wa rika lake, alipita kumtafuta asimkute. Boke alimkaribisha maziwa mgando. Alipokuwa anakunywa, Boke akasema polepole, kama mtu anayeongelea hali ya hewa, kwamba siku hizi ndugu yake akitaka kuvuta sigara kwa mke mdogo huambiwa atoke, hata kama mvua inanyesha. Kornelio aliacha kunywa.

"Anaambiwa?"

"Nimemkuta kwa macho yangu. Amelowa kama kuku."

Boke alijua atakwenda kusema wapi. Jumamosi wanaume walikuwa kwa Kornelio wanakunywa pombe, na Magige alipoingia mmoja alipaza sauti: "Mura, kijana wetu, leo umepewa ruhusa?" Walicheka hadi watoto wakaja kuchungulia.

Tangu siku hiyo Magige alivutia ndani kwa Christina, mlango umefungwa. Boke akiwa anachota maji kwenye pipa alitazama ukuta ule, hakuna mtu. Akasikia utamu kidogo kifuani, juu ya kikohozi chake. Sasa tuko sawa, alijiambia. Christina hakumlalamikia. Alizidi tu kufua nguo za mtoto na kuzianika mbali, karibu na uzio.

Kisha Ezra akaanza kukohoa. Mwanzoni kidogo, halafu akawa anakataa ziwa. Asubuhi moja Christina alivuka ua akikimbia, kanga imemdondoka begani.

"Dada, mwone! Kifua kinaingia ndani!"

Boke alimfunua mtoto. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa inabonyea kila anapovuta pumzi. Magige alikuwa ameshaondoka na ng'ombe. Boke hakungoja, aliita bodaboda, wakapanda wote wawili, mtoto katikati yao.

Honoratha alisema ni nimonia. Alimchoma sindano, akampa oksijeni. Boke alimuuliza kama ni moshi.

"Siwezi kusema moshi peke yake umeleta," Honoratha alisema. "Vijidudu ndivyo vinaleta. Lakini mapafu ya mtoto yakishachomwa na moshi, hayana nguvu ya kupigana."

Walikaa kwenye benchi. Christina alikuwa amekwisha kulia. Macho yalikuwa makavu.

"Kornelio aliniambia nani alimpelekea yale maneno," alisema.

Boke alitazama miguu yake.

"Dada, kama ulikuwa unaumia, si ungeniambia mimi?"

"Ningekwambia nini?" Boke alisema. "Kwamba mume wangu anakupenda?"

Baadaye Boke alimchukua mtoto mikononi, ili mwenzake apumzishe mgongo.

Ezra alipona. Siku waliyorudi nyumbani, Magige na Kornelio walikuwa wamekaa uani, na Magige aliinuka haraka kumtazama mtoto.

"Baba Nchagwa," Boke alisema, Kornelio akisikia. "Kuanzia leo sigara haiingii ndani. Kwa Christina wala kwangu."

Kornelio aliguna. "Shemeji, haya mambo ya zahanati. Babu yetu alivuta maisha yake yote."

"Na bibi yetu, aliyelala naye nyumba moja, alikufa kwa nini?"

Bibi yao alikufa kwa kifua, kila mtu katika ukoo aliijua habari hiyo, na hakuna aliyewahi kuisema pamoja na ile ya kiko cha babu.

Magige aliwatazama wake zake, waliosimama bega kwa bega. Mwishowe akaenda zizini, akaanza kuhesabu ndama aliowajua wote.

Alitii. Kwa Boke alitoka akibamiza mlango, akiuacha wazi baridi iingie, na alirudi akinung'unika kwamba siku hizi mwanaume hana kwao. Kikohozi cha Boke kilipungua, akaanza tena kuimba sauti ya juu kwenye kwaya. Lakini zamu ya Christina ilipofika, kabla jua halijazama, Boke alimwona kwa dirisha: Magige akitoka taratibu, akivuta mlango kwa mikono miwili usipige kelele, akienda mbali mpaka kwenye uzio.

Siku moja walikuwa wanachambua maharage pamoja, Boke akauliza, "Kwako anatokaje?"

Christina alimtazama usoni, kisha akarudisha macho kwenye ungo.

"Ananung'unika, dada. Jana amebamiza mlango mpaka mtoto akaamka."

Boke alijua anadanganywa. Moyo ulimuuma kama siku ile ya manyunyu, tena zaidi, kwa kuwa sasa alionewa huruma. Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. Ezra alikuwa anatambaa kuelekea kwenye kuku. Boke akamwinua, akamweka mapajani pake, akamwambia Christina alete ungo wa pili.