Grili za Mtaa Usio na Taa

Ijumaa saa kumi jioni fundi wa kuchomelea alifika kwa dada yake na grinda ya kukatia chuma begani, akamkuta anasuka. Mteja amekaa nje kwenye kigoda, ameligeuzia dirisha mgongo, kisogo kimegusa nondo. Dada yuko ndani. Mikono yake ilitoka kwenye pengo la grili, vidole vinakwenda mbio.

"Umechelewa," dada alisema bila kuinua macho. "Wiki iliyopita mkono ulipita mpaka kiwiko. Leo unaishia hapa kwenye kifundo."

"Wiki imekuwa mbaya."

"Shoga, wewe una nafuu," mteja alidakia. "Uko ndani, nani atakupata? Mimi sina hata grili, nikiondoka hapa roho iko mkononi."

"Tulia, utaharibu mstari."

Fundi akatoa tepu, akapima. Grili za mtaa ule zilikuwa zinaota. Kila mtu alipoporwa, kila mlango ulipovunjwa, nondo za mtaa mzima ziliongezeka upana wa kidole, zikatoa matawi, na matawi yakatafuta ukuta. Mwanzoni watu walimjia juu fundi kwa kazi mbovu. Baadaye wakawa wanamwita kupogoa, kama wanavyomwita mkata majani. Milango ilikuwa imejifunga tangu msimu wa mvua; ukiikata, inaota kabla hujakunja waya wa mashine. Vyakula vilipitia madirishani. Mzee wa nyumba ya kona alipofariki walimtolea juu, kwenye bati, na waombolezaji walikubaliana kwamba hakuwa mzito.

"Vidole tisa," fundi alisema.

Alipogoa alichoweza, kisha akapita kituo kidogo cha polisi, maana ni njiani. Koplo alikuwa amevua kofia na kuitundika kwenye chipukizi la grili nyuma yake.

"Matukio tisa wiki hii, afande."

Koplo akafunua kitabu. "Mimi nina moja. Wizi wa simu."

"Chuma kinasema tisa."

"Chuma hakina namba ya jalada, fundi." Koplo alipiga miayo. "Uhalifu umeshuka. Mkuu amepongezwa juzi tu, na picha ipo. Wewe mwenyewe tazama barabarani. Hakuna mtu. Ataibiwa nani?"

Fundi akabeba grinda yake. Alikuwa na lake moyoni, na halikuwa la kumwambia polisi.

Zamani mtaa ule ulikuwa na nguzo za taa, za chuma kizito, kila moja na kibati cha namba. Ziliondoka moja moja. Mnunuzi wa vyuma chakavu, waliyemwita Sumaku, alizileta karakana vipande vipande kwenye mkokoteni, amefunika kwa gunia. Fundi hakuuliza. Alizipasua, akazinyoosha, akatengeneza grili. Giza lilipozidi, watu walitaka grili zaidi, na grili zilipotakiwa zaidi, Sumaku alileta nguzo nyingine. Kazi ilikuwa nzuri miaka ile.

Na kila magharibi ncha za grili zilizaa vitaa vidogo, vyote vimetazama ndani. Watu walisomea vitaa hivyo, wakala chakula hapo. Nje palibaki giza totoro.

Kesho yake alirudi kwa dada.

"Dada, nina neno. Hii grili yako..."

"Ni ile nguzo iliyokuwa hapo nje."

Fundi akashusha grinda chini.

"Ina kibati chake, mdogo wangu. Namba kumi na saba. Ulikipaka rangi lakini ukapaka vibaya, kama kawaida yako."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuja hujala, unatoka jasho, unanifungia grili bure. Niseme nini? Nikashukuru."

"Nataka kuirudisha nje."

Dada alijitazama mikono. Vifundo vilikuwa na michubuko ya chuma, mipya juu ya ya zamani. "Kata basi," alisema. "Pengo likijifunga nitasuka nini, ukuta?"

Fundi akakata mhimili wa kati, ule mnene wenye kibati. Akachimba shimo pale pale pa zamani, akausimika kwa zege. Ilipofika magharibi mhimili ulizaa taa moja, kubwa, ikitazama barabara. Dada akatoa kichwa na mabega dirishani, akakaa hivyo kitambo, upepo unampiga usoni. Mteja wa jana alipita na rasta zake mpya, anatembea polepole, mkoba anauning'iniza kwa kidole kimoja.

"Naringa, shoga!"

"Ringa, ringa!"

Jumapili jioni pia ilikuwa hivyo. Jumatatu asubuhi lilibaki shimo, na alama ya ndala kwenye udongo kando yake.

Mchana Sumaku alifika karakana na mkokoteni.

"Mzigo mzuri leo, fundi. Mzito."

Fundi alifunua gunia. Kumi na saba.

"Hii niliisimamisha mimi."

"Basi ubora wake unaujua." Sumaku alijipangusa jasho. Hakuwa anadhihaki, alikuwa amechoka tu. "Usipoichukua naipeleka kwa yule fundi wa ng'ambo. Mimi nayo sirudi."

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwalimu mstaafu, jicho limevimba. Alikuwa ameporwa asubuhi hiyo, saa mbili, jua linawaka, na alikuja kuagiza grili ya mlango. Aliutazama mkokoteni, akamtazama fundi.

"Chuma hicho kitafaa, baba?"

"Kitafaa, mwalimu."

Fundi alishika upande mmoja, Sumaku akashika wa pili, wakashusha.

Ijumaa saa kumi fundi alifika kwa dada na grinda begani. Pale alipokata palikuwa pameota mihimili mitatu. Mteja mwingine alikuwa kwenye kigoda, na kwenye pengo vilitoka vidole viwili tu vya dada, vinasokota.

"Misuko mikubwa siwezi tena," dada alikuwa akimweleza mteja. "Ila hii midogo midogo inatoka safi, utaona." Kisha akamuuliza fundi, "Ile ya nje iko wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Dirishani?"

"Mlangoni."

Magharibi ilikuwa inaingia. Vitaa vikawaka ndani, kimoja kimoja, na mteja kule nje akabaki kivuli.

"Sogeza kichwa, mwanangu," dada alisema. "Nikuone."