Kabla na Baada

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti akikunja pindo la gauni la mteja wake, mwalimu wa chekechea, mwalimu aliposema, "Mwenzio nimeanza majani ya dada yako. Vidonge vya hospitali nimevitupa, vilikuwa vinanisokota tumbo bure."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Majani gani?"

Mwalimu akamwonyesha simu. Picha mbili ubavu kwa ubavu. Kwenye ya kwanza, mwanamke mnene kavaa sidiria na sketi, vindevu kidevuni, macho yamezibwa kwa ukanda mweusi. Kwenye ya pili ni yeye yule, kapungua, kavaa gauni la bluu. Chini pameandikwa: Umbo jipya, homoni sawa, kwa majani yetu pekee!

Fundi akaivuta simu karibu. Ukanda ule ulificha macho, haukuficha kovu la begani. Picha ya kwanza aliipiga dada yake mwenyewe, chumbani kwao, siku daktari alipomweleza Fundi kuwa mifuko yake ya mayai imejaa vivimbe vidogo, ndiyo maana hedhi inapotea na mwili unaumuka. Dada alimkumbatia, akambembeleza, "Tuipige, mdogo wangu. Siku ukipungua utajicheka."

Fundi akaanza dawa. Mwanzoni alishinda chooni, kichefuchefu kimemkaba. Akapunguza wali na soda, akatembea kila jioni hadi viatu vikaisha soli. Mwaka na ushei. Majani hayo hata harufu yake haijui.

"Mwalimu, huyo ni mimi," alisema. "Nameza vidonge kama vyako mpaka leo. Rudi kwa daktari, mwambie tumbo linakusumbua. Yeye anajua cha kufanya."

Mwalimu akaitazama tena picha, pindo nusu limekunjwa, nusu linaning'inia.

Fundi alimkuta dada dukani akifunga majani kwenye vipakiti, akamuuliza kuhusu ile picha.

"Nimekuziba macho, Bonge! Nani atakujua?"

"Usiniite Bonge."

"Hasira za nini sasa? Si umepungua kweli?"

"Nimepungua kwa dawa, na wewe ndiye uliyekuwa unanishikia ndoo nikitapika! Watu wanaacha tiba kwa ajili ya mwili wangu, dada. Siku ile nalia, wewe ulikuwa unatafuta pembe nzuri ya picha."

Dada aliinamisha kichwa. "Siku ile sikuwa na wazo la biashara. Naapa."

"Na siku uliyopata wazo, ulishindwa kuniuliza?"

Dada akachukua simu yake. Akaifuta picha mbele yake, lakini ilikuwa imeshatembea simu hadi simu, hakuna wa kuirudisha.

Mama yao alijaribu kuwapatanisha, akaambulia kwa Fundi "nimesikia, mama" na basi. Dada alipokuja na kitambaa cha kushonewa, Fundi alimpokea kwa heshima, akamwekea kiti, kisha akamwambia, "Fundi wa ng'ambo ya barabara anashona vizuri. Mpelekee yeye akupime."