Programu Iliyodai Karata

Mwaka 1998 Venanti alikuwa mtu wa kompyuta kwenye mradi wa mbegu za maharage mjini Kasulu. Alitunga programu ya kuchapa kadi za wakulima za kuchukulia mbegu, akajiona kidume. Akaitia kwenye disketi, ikapanda gari la ofisi hadi Kibondo kwa Mwanahawa, aliyeshika kompyuta ya huko. Mwanzoni mwa programu ilibidi atangaze vifurushi, yaani programu nyingine ndogo, ambavyo programu yake inavitegemea, ili kompyuta ivikague kabla ya kuipokea. Yeye akatangaza kimoja tu, cha kutunza majina.

Kibondo majina yakaonekana kwenye kioo, kadi zikakataa kutoka. Kumbe kule Kasulu kifurushi cha kuchapia kilikuwa kinaingia kimyakimya, kimebebwa na hicho cha majina. Toleo jipya la kifurushi cha majina lililokuwa Kibondo halikukibeba.

Mwanahawa alimweleza hayo kwa redio ya upepo ya mradi, na kituo kingine cha mradi, cha Munanila, kikasikia kila neno. Venanti akaona haya. Akaapa hatakosea tena, akatangaza kila kilichokuwamo ndani ya kompyuta yake bila kuchuja, akatuma disketi nyingine pamoja na kifurushi cha kuchapia.

Safari hii programu iligoma hata kuingia. Ilidai kwanza ipewe mchezo wa karata.

Mwanahawa akarudi redioni, akauliza kwa upole maharage na karata vinahusianaje. Aliyejibu alikuwa mtu wa Munanila: labda mwaka huu mbegu zinagawiwa kwa bahati nasibu.

Kwa aibu Venanti akatuma na karata. Programu ikaingia, kadi zikaanza kutoka. Ila Mzee Bazilio, mkuu wa ofisi ya Kibondo na mzee wa kanisa, alipita kuangalia kazi, akabonyeza hapa na pale, basi hakuinuka tena. Kompyuta yenyewe ilikuwa hiyo moja. Mwanahawa akiomba kiti, mzee alimwambia kuwa karata zimo kwenye mahitaji ya programu, naye anazikagua.

Mvua zilikuwa zinakaribia. Venanti akafunga safari hadi Kibondo. Mwanahawa alitaka watangaze kimoja tu kama mwanzo, kwa kuwa kifurushi cha kuchapia sasa kimo. Venanti akakataa, alishaumwa na nyoka huyo.

“Dada, tutangaze kila ambacho programu yetu inakiita yenyewe, hata kama kuna mwingine anakibeba,” alisema. “Vinavyohitajiwa na wengine, wavitangaze wao.”

Vikabaki viwili, cha majina na cha kuchapia. Mwanahawa akaenda kumpasha mkuu wake habari.

“Mzee, programu haitegemei karata.”

Mzee Bazilio hakubandua macho kwenye kioo. “Programu haitegemei,” alisema. “Na mimi je?”

Ikabidi wamwachie kompyuta saa ya chakula cha mchana. Kadi zilikwisha kabla ya mvua, na wakulima wakaondoka na maharage yao, wakiulizana kwa Kiha kwa nini ofisi ile hufungwa mlango mchana, na ni nani humo ndani anayecheka peke yake.